Alinipokonya Ufunguo wa Gari kwa Sababu ya Klachi

Bibi mwenye ndoo ya maji kichwani alinipita mlimani. Yeye kwa miguu, mimi ndani ya gari.

Alipofika mbele akageuka, akaniambia, "Pole, mwanangu."

Sikucheka. Injini ilikuwa inanguruma kama inataka kung'oka, mafuta nimeyakanyaga mpaka chini, na gari linatambaa. Nyuma yangu honi zimepamba moto. Ndani kukaanza kunuka, harufu kali ya kuungua, kama mtu kachoma nywele.

Ngoja nisimulie taratibu, maana hasira hazijaisha na nikikurupuka nitamwaga matusi humu.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona, halafu naenda kuyatundika mwenyewe majumbani na maofisini. Ngazi, drili, vitambaa na vile vyuma virefu vya mapazia, vyote nabeba kwenye kigari chetu cha gia za mkono.

Bila gari, sina kazi. Hilo mlishike.

Gari tulinunua pamoja na mume wangu miaka sita iliyopita. Siku za kazi natumia mimi, kwa sababu ofisi yake iko mtaa wa pili tu. Jioni na mwisho wa wiki ni lake.

Dalili zilianza muda mrefu kabla ya siku ile ya mlimani.

Kwanza pedali ya klachi. Zamani ukiinua mguu kidogo tu gari linashika. Sasa ilibidi niuinue mpaka karibu na mwisho kabisa ndipo gari likumbuke kuondoka.

Halafu barabara kuu. Niko gia ya nne, nakanyaga mafuta, mlio unapanda, mwendo uko palepale. Kelele nyingi, safari hakuna.

Mwisho ikaja ile harufu.

Nikamwambia mume wangu mezani, "Baba Watoto, klachi ya gari inaisha."

Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Klachi haiishi. Inauliwa."

"Na nani?"

"Na anayeliendesha kutwa nzima. Wanawake na gari la gia, mtihani."

Nikameza. Nikasema yaishe.

Sasa siku ile ya mlimani niliporudi, nikamweleza yote, mpaka habari ya bibi na ndoo. Nilidhani atashtuka. Akachukua ufunguo pale mezani, akautia mfukoni.

"Hili gari hutaligusa tena. Utaniulia mpaka injini."

"Utaniulia? Kwani ni lako peke yako? Na kazi yangu ya Ijumaa?"

"Panda magari ya watu."

Kazi yenyewe ilikuwa ya daktari wa meno, zahanati mpya, madirisha kumi na manne. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Nilikesha wiki mbili nikiishona.

Ijumaa nikasimama barabarani na vyuma vya mita tatu begani. Gari la kwanza likanikataa. La pili likanikataa. Dereva wa la tatu akachungulia, akauliza, "Mama, hiyo mikuki unaipeleka vita gani?"

Abiria wakaangua kicheko, gari likaondoka.

Saa sita mchana daktari akapiga simu. "Fundi, wagonjwa wangu wanakaa midomo wazi mtaa mzima unawachungulia. Nimeshampa mtu mwingine."

Nililia. Msidhani nililia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, ile inayokufanya ukose hata tusi la kutosha.

Jioni mume wangu akaniuliza, "Umeshindaje?" Nikampakulia chakula, nikaenda kulala. Ningefungua mdomo siku ile, tungeitana kwa wazee.

Jumapili mchana nikamwita fundi wa magari, yule yule anayetutengenezea tangu tuliponunua gari. Mtaani anaitwa Fundi Kimya. Huyo ukimtoa maneno kumi kwa siku umepata bahati.

Mume wangu alifurahi. "Vizuri. Aje akwambie mwenyewe ulichokifanya."

Fundi Kimya akaingia kwenye gari pale uani. Akavuta hendibreki, akawasha moto, akaweka gia ya tatu, akaachia klachi taratibu.

"Gari lenye klachi nzima lingezimika hapa," alisema.

Halikuzimika. Injini iliendelea kuunguruma, na gari limetulia kama ng'ombe anayecheua.

"Klachi imekwisha."

"Unaona!" mume wangu akadakia. "Nilisema ameiua!"

Niliyesema ni mimi! Miezi miwili nasema! Nikafungua mdomo nijibu, Fundi akaninyooshea kidole kwenye usukani.

"Dada, niendeshe mpaka kona."

Tukaenda polepole, mume wangu kiti cha nyuma. Fundi hakutazama barabara hata kidogo. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Tulipofika konani akasema, "Mguu wako wa kushoto unalala juu ya klachi. Hata huibonyezi, lakini uzito wake unatosha. Inasuguana njia nzima."

Nikatazama chini. Kweli. Mguu ulikuwa umelala pale, umestarehe, na mimi sikuwa na habari.

Jamani, aibu. Ardhi ingepasuka ningeingia.

Nyuma huko mume wangu alikuwa anapiga makofi. "Sikusema? Sikusema mimi?"

Fundi akageuka. "Kaka, zamu yako. Turudishe."

Tukabadilishana viti. Mume wangu akashika usukani kwa madaha, kiwiko dirishani. Mimi nikaegemea katikati ya viti, nikachungulia chini.

Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya klachi. Toka kona mpaka geti la nyumbani. Hakikubanduka.

Gari liliposimama Fundi akaniuliza, "Dada, nani alikufundisha kuendesha?"

"Huyu hapa."

"Alikwambiaje kuhusu mguu?"

Nilikumbuka neno kwa neno, kwa sababu alikuwa akinifokea. "Aliniambia, mguu wa kushoto usibanduke kwenye klachi, gari litakuzimikia barabarani unitie aibu."

Mume wangu akaanza kuchezea kioo cha pembeni.

"Lini hiyo?" Fundi akauliza.

"Miaka mitatu iliyopita."

Fundi Kimya akafuta mikono kwa kitambaa, japo haikuwa michafu. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Hii ni klachi ya pili, dada. Ya kwanza niliitoa mimi, miaka minne iliyopita. Ilikwisha hivi hivi."

Miaka minne.

Nikahesabu. Wakati huo mimi sikuwa nimewahi hata kukaa kiti cha dereva!

"Ile ilikuja mbovu!" mume wangu akasema haraka.

Fundi akakitazama kile kiatu cha kushoto cha mume wangu.

"Fundi, mbona hukuwahi kuniambia?" nikamuuliza.

"Hukuwahi kuniuliza."

Nikashuka, nikazunguka mpaka dirisha la dereva, nikanyoosha mkono. Sikupiga kelele. Alinitazama, akatazama mkono wangu, akachomoa ufunguo akanipa.

"Samahani," alisema. Kwa sauti ndogo sana kwa mtu aliyekuwa anapiga makofi dakika kumi nyuma.

Klachi ilibadilishwa. Kosa langu nimelikubali, na mguu wangu sasa unakaa sakafuni panapostahili. Lakini madirisha kumi na manne ya daktari yana mapazia ya mtu mwingine, tena yamekatwa mafupi, na kila nikipita pale damu inachemka upya.

Ndugu zangu, pedali ikishika juu kabisa, mlio ukipanda bila mwendo, ukisikia harufu ya kuungua, nenda kwa fundi. Usitafute wa kumlaumu kwanza. Na anayekuzidi kelele kuhusu kosa lako, mchungulie miguu.

Jumapili iliyopita tulitoka, yeye akiendesha. Kabla hatujafika hata barabara kuu nikaona kiatu cha kushoto kinapanda taratibu, kinatafuta pa kulala.

"Mguu, mwalimu," nikamwambia.

Akauteremsha.