Jua Lilimkuta Dobi Mapumzikoni

Dobi aliteremka kwenye basi na viatu vya mvua miguuni, mwavuli kwapani na masweta mawili mwilini, akakuta jua limemsubiri stendi kama mwenyeji.

"Hee! Mdogo wangu, umekuja mjini au umekwenda kuvua samaki?" Dada yake alimwita kutoka upande wa pili, akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamteleza. "Vua hayo masweta kabla hujaiva."

"Redio imesema mvua mpaka Jumapili, dada."

"Redio haina macho. Hebu tazama juu."

Akatazama. Mbingu ilikuwa safi kama shuka lililotiwa bluu likasuuzwa vizuri, hakuna hata kiraka cha wingu. Badala ya kufurahi akaona uchungu. Kwa mtu anayeishi kwa kufua nguo za watu, jua la namna ile kulitazama bure ni kama kuona chakula kinamwagwa.

Na wiki hii aliichagua makusudi. Kwao mvua ilikuwa haikatiki, na mvua ikinyesha dobi hana kazi. Nguo hukaa kwenye kamba mpaka zinanuka uvundo, wateja nao wanakuwa wakali kama nyuki. Akaona bora aondoke wakati huo. Ila kilichomtoa nyumbani hasa hakikuwa mvua. Kilikuwa Kifungo.

Kifungo ni mwanawe wa kwanza, anakaribia miaka miwili. Jina la haki analo, lakini hakuna anayelitumia, kwa sababu tangu uchanga wake akinyonya hushika kifungo cha blauzi ya mama yake, hakiachii mpaka usingizi umchukue. Blauzi zote za dobi zina kifungo kimoja kilicholegea, cha pili kutoka juu.

Tatizo ni kwamba Kifungo alikuwa hataki kitu kingine. Kijiko cha uji kikimfikia mdomoni anafunga meno kama mlango wa duka. Kliniki nesi alimweka kwenye mizani, akatikisa kichwa. "Uzito umesimama, mama. Sasa anahitaji chakula, na chakula hatakula huku ziwa lipo. Mwachishe."

Dobi alijaribu. Alipaka shubiri, ule utomvu mchungu. Mtoto akaonja, akakunja uso, akapangusa kwa kiganja, akaendelea kunyonya kwa raha zake. Ndipo mama mkwe alipoingilia kati.

"Dawa ni wewe uondoke," alisema. "Nenda kwa dada yako Ijumaa, urudi Jumapili. Kifungo niachie mimi. Na usinipigie simu. Akisikia sauti yako, ndiyo basi tena. Nitakupigia mwenyewe Jumamosi mchana. Nakuomba kitu kimoja tu: kile kitenge chako cha kulalia, niachie kama kilivyo. Usiku akitafuta harufu yako, nitamfunika nacho."

Asubuhi ya safari dobi alikikunja kile kitenge pembe kwa pembe, akakiweka juu ya mto wa mtoto. Akatoka bila kugeuka nyuma, maana alijijua.

Dada yake alikuwa mpishi kwenye mkahawa mdogo nyuma ya posta. Alikaa ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya zamani, chumba na sebule, na ngazi ya chuma iliyopanda mpaka kwenye paa la saruji ambako wapangaji wote walianika nguo. Ijumaa hiyo alimpokea mgeni wake kwa supu ya kuku iliyokamuliwa limau, na mkate uliotoka tanurini muda huo huo. Dobi alikula mpaka jasho likamtoka puani. Kwake hula akiwa amesimama, mkono mmoja una mtoto. Leo mikono yote miwili ilikuwa huru, na ule wa kushoto hakujua auweke wapi.

Alipolala kifua kilikuwa kimejaa na kinauma. Alishika kifungo chake mwenyewe, akapiga moyo konde.

Jumamosi jua likatoka tena, kali na safi. Walikula mayai yenye nyanya na vitunguu, wakatoka kutembea. Mji mzima ulikuwa umetoka nje kana kwamba umefunguliwa kutoka kabatini. Watu walibeba miavuli iliyofungwa na kutazamana kwa aibu kidogo. Wakanunua nanasi lililokatwa vipande, wakala wakitembea, maji yakiwachuruzika mpaka viwikoni. Dada alimwonyesha maduka, taa za barabarani, bustani yenye mabenchi mapya. Dobi alikuwa anatazama juu, kwenye vibaraza.

"Ona lile shati! Wamelibana mabegani! Litakauka na masikio."

"Umekuja kupumzika, we mtoto."

"Napumzika. Natazama tu."

"Hujanitazama mimi tangu tutoke nyumbani. Unatazama suruali za watu."

Karibu na mchana dada alikwenda mkahawani. Alimwachia mkeka akamwambia apande juu akaote jua, chakula kikiwa tayari ashuke. Dobi alipanda, akatandika mkeka, akaketi, simu mapajani. Simu ikawa kimya. Mbele yake, kwenye kamba, kulikuwa na mashati matano ya mtu mmoja, yote yamebanwa mabegani.

Alivumilia kadiri ya uwezo wake. Kisha akainuka.

Alikuwa ameshageuza mashati manne, pindo juu na kola chini, mzee mmoja alipochomoza ngazini akihema. Alikuwa fundi saa wa chumba cha chini, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Wewe mwizi au mgeni?"

Dobi nusura ameze kibanio alichokuwa amekishika kwa meno. "Shikamoo, baba. Mgeni. Dada yangu anakaa ghorofa ya juu."

"Marahaba. Na mashati yangu yamekukosea nini?"

"Yalibanwa mabegani, baba. Yanakauka yamevimba hapa na hapa."

Fundi saa akashusha miwani, akalitazama shati lililobaki, akapapasa mabega yake mwenyewe. "Kumbe! Miaka yote watu wakinitazama hapa nilidhani ndivyo nilivyoumbwa."

Dobi akacheka, kicheko cha kwanza tangu aondoke nyumbani. Akavuta shati la mwisho kwenye kamba na kulipeleka puani, kama afanyavyo kwa kila nguo, kujua kama sabuni imetoka yote. Shati lilinukia sabuni na jua.

Ndipo akakumbuka.

Alikiona kitenge chake. Hakukiona kitandani. Alikiona ndani ya beseni, Alhamisi jioni, katikati ya nguo za mwisho za wateja. Alikuwa amekichukua bila kuwaza, kama achukuavyo kila kitambaa kilicholala ndani ya nyumba ile. Alikisugua, akakisuuza mara mbili, akakikausha kwa pasi.

"Mungu wangu," alisema. "Nilikifua."

"Ulifua nini?" fundi saa aliuliza, lakini ngazi ilikuwa tayari inalia chini ya miguu ya dobi.

Alifika mkahawani na mkoba begani, mwavuli mkononi, macho mekundu. Dada alikuwa anakaanga samaki, uso unang'aa kwa mvuke.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mama mkwe aliniambia nimwachie kitenge kama kilivyo, ili mtoto apate harufu yangu. Nilikifua, dada. Mkono ulijiendea wenyewe. Amelala na kitambaa kisicho na mtu. Na mama alisema atapiga mchana, huu sasa ni mchana gani?"

"Uliambiwa usikifue, ukakifua?" Dada akashika kiuno. "Wewe siku ukifa utaamka ufue sanda yako kwanza!" Kisha akaona mdogo wake hacheki. Akazima jiko, akamvutia kiti. "Sikiliza. Ukienda sasa, Kifungo atakuona mlangoni, atarukia kifua, na uji ataupiga teke. Mtaanza upya, naye mwepesi kama karatasi. Unalitaka hilo?"

"Ni rahisi kusema. Wewe hujamsikia akilia."

"Na wewe hujamsikia. Analia kichwani mwako tu. Kula kwanza. Ukimaliza na bado unataka kwenda, mkoba nakubebea mwenyewe."

Akamwekea sahani. Samaki mzima, ngozi imekauka mpaka inalia chini ya vidole, nyama ndani nyeupe na laini, vitunguu vimelainika ubavuni, na wali uliochambuka punje kwa punje. Dobi alisema hana hamu. Alimega kipande kidogo kwa heshima. Akamega kingine. Aliona aibu kwamba samaki ni mtamu kiasi kile.

Simu ikaita. Aliipokea kwa vidole vyenye mafuta.

"Mama Kifungo!" Mama mkwe alikuwa anapiga kelele, maana haamini kwamba simu husikia mtu akinong'ona. "Nimechelewa, nisamehe. Huyu bwana alikuwa anamalizia bakuli!"

"Amekula?"

"Asubuhi alikataa. Nikanyamaza, sikumbembeleza. Mchana nikaponda viazi, nikamwagia mchuzi, nikaanza kula mimi mwenyewe mbele yake. Akanitazaaama. Akaja akafungua mdomo."

Dobi alifumba macho. "Na usiku?"

"Usiku alilia, sikufichi. Alizunguka kitanda kizima anakutafuta. Nikamfunika kitenge. Akakivuta puani, akakishika pembe, akalala mpaka kumekucha."

"Mama, naomba radhi. Kile kitenge nilikifua."

"Sina pua mimi? Nilipokikunjua nikasema, leo tumekwisha." Kicheko kikapasua simu. "Lakini mwanangu, tangu mtoto huyu azaliwe, wewe umewahi kunukia nini? Wewe ni sabuni tupu! Ungekiacha na jasho angeniuliza ni cha nani. Haya, kata simu, anakuja. Na urudi kesho. Sikusema leo."

Ikakatika. Dobi aliweka simu mezani, machozi yakimchuruzika taratibu. Kisha akainua kiganja akakinusa. Zaidi ya samaki hakusikia kitu. Harufu yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia.

"Nikubebee mkoba?" dada aliuliza.

"Niongezee wali."

Alasiri walipanda wote wawili juu. Mashati ya fundi saa yalikuwa yamekauka yamenyooka, naye alikuwa ameshavaa moja, anatembea juu ya paa akijigeuza kushoto na kulia ili watu wamwone mabega. Dobi hakugusa nguo ya mtu. Alijilaza kwenye mkeka, viatu vya mvua kando, akaliacha jua lipite juu yake bila kulifanyisha kazi yoyote. Lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Miaka yote alilitumia, hakuwahi kulionja.

Dada alikuwa na sindano, anashona pindo la aproni. Alikitazama kifungo cha mdogo wake kinavyoning'inia kwa uzi mmoja.

"Lete nikukazie hicho. Hakuna wa kukivuta tena."

Dobi alikifunika kwa kiganja. Alifikiri kidogo.

"Kiache," alisema. "Nitakikaza Jumapili, nikishamwona."