Mlio Butu Kwenye Bawa la Lavonne

Verna Teske alifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha boti za faiba kule Wisconsin, na mikono yake iliijua gundi kama mikono ya wengine inavyojua unga. Alipostaafu akaanza kujenga ndege ya watu wawili kwenye gereji yake. Mwaka wa kumi na moja huu, ndege haijapata hata magurudumu.

Jirani yake, Lavonne Dahl, alianza yake juzi tu. Miaka mitatu! Na ni Verna huyohuyo aliyemfundisha kulowesha kitambaa cha faiba na kukamua mapovu ya hewa. Sasa ndege ya Lavonne ilikuwa bandani, nyeupe kama yai, ikingoja mkaguzi Jumamosi ili iruke. Kanisani hapakuwa na habari nyingine. Mchungaji aliiombea mbele ya watu. Ya Verna haikuwahi kuombewa na mtu. Alijua kijicho ni dhambi. Akatubu Jumapili, Jumatatu kikawa kimerudi, kimekaa kitako.

Alhamisi Lavonne akamwita. Ndiyo desturi ya wajenzi wa pale: kabla ya mkaguzi, mwenzako hugonga mabawa kwa sarafu, shubiri kwa shubiri. Palipoungana vizuri hulia kama glasi; penye hewa ndani hulia butu. Na sikio kama la Verna halikuwepo.

Merle, mume wa Lavonne, alikuwa pembeni mbele ya kompyuta yake, ameshika usukani, anairusha ndege ileile kwenye skrini, kwa mchezo wa kuigiza urubani.

"Karibu Verna! Mara mia mbili nimeipaisha, mara mia mbili nimeitua salama. Njoo ujaribu, maana yako tutaingoja hadi kiyama."

"Hiyo ya kwenye kioo, Merle, nani aliipaka gundi?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo maana haivunjiki."

Verna akainama, akagonga. Ti, ti, ti. Bawa la kulia safi, na kila mlio ulimchoma. Akaenda la kushoto. Ti, ti, halafu: du. Akarudia. Du. Pana kama kiganja, juu kabisa ya mhimili unaobeba bawa.

Moyo wake ukaruka kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha. Akaomba moyoni: nikisema, Bwana, nasema huku naona raha. Nikinyamaza, namzika.

"Lavonne, hapa pana hewa."

"Acha utani. Nimealika watu arobaini, soseji nimeshanunua."

"Zitie kwenye friji."

"Tangu nipake rangi hujanipa hata hongera, leo ndiyo unaniona na hewa? Wivu huo, Verna!"

"Ninao. Sijala nikashiba tangu Machi. Lakini wivu uko kifuani mwangu, hewa iko bawani mwako. Shika sarafu, gonga mwenyewe."

Lavonne akagonga. Ti. Ti. Du. Akaketi sakafuni. Merle akainuka, injini ya kwenye skrini ikibaki inanguruma peke yake.

"Gundi ya hapo nilipaka Novemba," Lavonne akasema kwa sauti ndogo. "Baridi kali, ikawa nzito. Ulisema utamaliza kiangazi, nikaona utanitangulia, sikungoja joto."

"Mimi? Nikutangulie mimi?" Verna akacheka mpaka machozi, kisha akaomba msasa.

Mkaguzi akaambiwa asije. Soseji hazikungoja, Jumamosi wageni walizila wakiizunguka ndege yenye bawa lililokwanguliwa, na bado walimsifu Lavonne kwa umbo zuri la ndege hiyo. Verna alikuwa amepiga magoti palepale, gundi hadi viwiko. Hakuna aliyemtaja. Kijicho kikampanda tena. Akamwomba Mungu amshike mikono tu, moyo watashughulika nao baadaye. Kisha akaendelea kukamua mapovu, moja moja, mpaka kitambaa kikalala.