Nyama ya Boran na Moyo wa Baba

Baba alikuwa dereva wa lori la ng'ombe. Kwa miaka mingi aliwaleta ng'ombe wa Boran kutoka kaskazini mpaka machinjioni, na kila aliporudi kwetu Tassia alibeba kipande cha nundu, laini, kimejaa mafuta. Kwake, nyama nyingine zilikuwa za kujazia sahani tu.

Alipostaafu, moyo wake ukaanza kushindwa kufanya kazi. Kule kliniki, dada mshauri wa lishe alituuliza nyumbani tunakula nini. Mama akamweleza.

"Nyama hutofautiana, mama," yule dada akasema. "Boran ni mbegu ya nyama, hunenepa mpaka mafuta yakaingia ndani ya mnofu. Ng'ombe wa maziwa aliyezeeka mara nyingi huwa mkavu, lakini protini na madini ya kuongeza damu bado yamo. Lisho na umri pia huchangia. Mpe mnofu usio na mafuta, tena kidogo."

Mama akaenda kwa muuza nyama wa pale chini ya ploti, jengo letu la kupanga, akaomba nyama ya Friesian, ng'ombe wa maziwa.

"Hiyo ni ngumu, mama. Wateja huikimbia."

"Nipe hiyo hiyo."

Aliichemsha mchana kutwa. Jioni Baba alitafuna kipande cha kwanza.

"Huyu alikuwa wa maziwa."

"Ndiyo," Mama akajibu.

Baba akaisukuma sahani, akaenda kulala na njaa. Siku zilizofuata alikula ugali na mboga ya sukuma wiki, bila kusema na mtu. Nilimwona Mama akifuta macho kwa kanga, akisingizia moshi, ilhali tulipikia gesi.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, Mama alijipakulia nyama ile ile, akaketi kando yake.

"Mimi siumwi," akamwambia. "Lakini siwezi kula ya mafuta huku nikikutazama."

Baba akaivuta sahani ile karibu, akatafuna kipande.

"Unaikata vibaya," akasema. "Kata ukikatiza nyuzi zake, italainika."

Kesho yake nilimkuta jikoni, ameketi kwenye stuli, anakata nyama polepole huku Mama akimenya vitunguu. Sikuwahi kumwona humo kabla ya hapo.

Hakupona. Kama nyama ile ilimwongezea siku, hakuna daktari aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Alifariki alasiri moja ya mvua, akiwa nyumbani, Mama amemshika mkono.