Ngendo na Programu Inayosema "Sijui"

Ukungu wa Aberdare bado umelalia mabati ya kituo cha maziwa hapa Mweiga. Ngendo ameketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi. Kompyuta yake imo ndani ya mkoba, na mkoba umefungwa. Asubuhi hii hakuja kuandika chochote. Amekuja kutazama.

Mbele yake Muchiri, karani wa kituo, anamimina maziwa ndani ya kikombe kirefu na kutumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kioo kinazama kupita alama. Walio kwenye foleni wanachungulia. Kipimo kikizama hivyo, maziwa ni mepesi, na maziwa mepesi watu husema yametiwa maji.

"Mami, imezama tena," Muchiri anasema.

"Ati imezama? Hii maziwa nimekamua saa hii. Hata mkono yangu bado iko na mafuta," anajibu Waithira, mjane ambaye boma lake limepakana na ua wa kituo. "Hebu uliza hiyo simu yako inasema nini."

Muchiri anabonyeza namba ya uanachama ya mama huyo. Programu aliyoitunga Ngendo inazungukazunguka kidogo, kisha inaandika: SIJUI. TUMA MTU AKAMWANGALIE NG'OMBE.

"Hata mimi shuleni nilikuwa najibu hivyo," mzee mmoja kwenye foleni anatupa neno. "Lakini mimi nilichapwa."

Foleni inaangua kicheko, na Ngendo anacheka nayo. Baada ya chai ya saa nne atasimama mbele ya kamati ya chama cha wafugaji. Kamati imemtaka aliondoe neno hilo. Asipoliondoa, kazi atapewa mwingine.

Ngendo ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa huku, akasomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Nyeri, kisha akarudi kupanga chumba juu ya duka la dawa za mifugo. Anatengeneza tovuti za shule na hoteli. Chama humlipa shilingi elfu thelathini na tano kwa mwezi, na hiyo ni zaidi ya nusu ya mkate wake.

Falsafa aliipata kwa njia nyingine.

Kaka yake, Mwai, alikuwa seminarini akisomea upadri. Tangu utotoni alikuwa na swali moja lililowachosha watu wote nyumbani: umejuaje? Baba akisema mvua itanyesha, Mwai alitaka kujua amejuaje. "Mama alikuwa anamwambia, 'Chai iko tayari, na usiniulize nimejuaje,'" Ngendo anakumbuka, akitabasamu huku macho yakiwa mbali. "Naye anauliza."

Mwai aliugua figo, akafariki kabla ya kupewa daraja la upadri. Seminari ilirudisha vitu vyake: kanzu mbili, viatu, na vitabu vya falsafa vilivyojaa gunia. Hakuna aliyevitaka. Ngendo alivibeba hadi chumbani kwake, akaanza kuvisoma polepole.

"Sikuwa natafuta elimu," anasema. "Nilikuwa nataka mtu wa kubishana naye. Nyumba ilikuwa imenyamaza sana."

Akaona kwamba mabishano ya vitabuni ndiyo yale yale aliyokuwa akifanya kazini. "Watu wanafikiri niko na kazi na pia niko na starehe. Kwangu ni kitu kimoja. Ukiandika kwenye programu 'ikiwa hivi, basi vile,' tayari umetangaza kwamba unajua dunia ilivyo. Sasa nani alikuambia?"

Chama kilipompa kazi mwaka jana, kilitaka mambo mawili. Simu ya karani iandike maziwa ya kila mfugaji, na mfugaji ambaye maziwa yake yatapatikana kuwa mepesi mara tatu, simu yenyewe imfungie namba yake. Namba ikifungwa, huwezi kuuza maziwa hapo kwa miezi mitatu.

Ngendo aliandika sehemu ya kwanza. Ya pili aliikataa. Mahali pa kufunga namba, aliweka jibu lile la "sijui," ili mtu aende bomani kuona kabla mfugaji hajahukumiwa. Kamati ilidhani ni hitilafu. Ilipogundua kwamba alikusudia, mambo yakachacha.

Si kwamba kamati haina hoja. Mwenyekiti wake, Peterson, ni mfugaji aliyeanza na ndama mmoja wa kuazima, na hasahau siku kiwanda kilipokataa lori zima kwa sababu ya watu wachache waliotia maji.

"Tulimwaga maziwa kwenye mtaro, watu wazima wakilia," anasimulia. "Na tulikuwa na makarani. Lakini karani ana shangazi, ana wakwe. Ukimwambia amfungie shemeji yake, anapata homa. Kompyuta haina shemeji. Ndiyo sababu tunaitaka."

Hayo ndiyo Ngendo anayoyawaza anapoingia katika ukumbi wa chama. Wajumbe wameizunguka meza, vikombe vya chai vinafuka moshi.

"Karibu, mwalimu wa falsafa," Peterson anasema, na wajumbe wawili wanacheka ndani ya vikombe. "Tuambie, hilo neno limetoka?"

"Halijatoka, Mwenyekiti."

"Ni mstari mmoja tu, msichana wetu. Kijana yeyote anaweza kuufuta."

"Anaweza. Lakini mstari huo ukifutwa, Mama Waithira atafungiwa mlango."

Kisha anawaeleza alichokiona kwa wiki kadhaa pale kwenye kreti. Wanaoshukiwa zaidi ni watu wanaokaa karibu na kituo. Wanakamua, wanavuka ua, na maziwa yanapimwa yakiwa bado na joto la kiwele. Maziwa yenye joto ni mepesi, na laktomita huzama ndani yake hata kama hayakuguswa na tone la maji. Wanaotoka mbali, yao hupoa njiani, na kipimo huelea vizuri. Kituo kiliwahi kuwa na kipimajoto cha kusahihisha jambo hilo. Kilivunjika, na hakuna aliyenunua kingine.

Mjumbe mmoja, Bi Nyawira, anasukuma kikombe pembeni. "Kwa hivyo Waithira hajaiba?"

"Sijui," Ngendo anajibu. "Hilo ndilo nasema. Nyinyi pia hamjui."

Peterson hapepesi macho. Ni mtu wa kutatua mambo, na hapo hapo anatatua. "Vizuri sana. Umetusaidia. Kesho tutanunua kipimajoto. Maziwa yatapimwa yakiwa yamepoa. Tatizo limekwisha, kwa hivyo toa hiyo sijui yako."

Wajumbe wanaitikia kwa vichwa. Ni njia ya heshima. Angeweza kuipita akatoka na kazi yake, na jina zuri juu yake. Ngendo anakiri baadaye kwamba aliiona njia hiyo wazi, na kwamba aliwaza kodi ya chumba.

"Hapana," anasema. "Hii ilikuwa joto. Ijayo itakuwa nini? Pengine ng'ombe mgonjwa. Pengine ukame na nyasi mbaya. Mwaka mzima tumewaita watu wezi kwa sababu ya kifaa kilichovunjika, na kila mtu hapa alikuwa na uhakika. Sasa mna uhakika tena."

"Falsafa haijazi tangi," Peterson anasema, sauti imeshuka.

"Wala kumfungia asiye na hatia hakulijazi."

Kura inapigwa kwa mikono. Bi Nyawira peke yake anabaki upande wa Ngendo. Mkataba unavunjwa, na chama kitatafuta mtu kutoka Nairobi. Peterson anamsindikiza hadi mlangoni, kwa kuwa hata katika ugomvi yeye ni mtu wa adabu.

"Unajua mimi si adui yako," anamwambia.

"Najua, Mzee. Basi mtume mtu amwangalie ng'ombe wa Waithira. Hiyo haihitaji kompyuta."

Alitumwa Muchiri, jioni hiyo hiyo. Alisimama zizini ng'ombe akikamuliwa mbele yake, akayaacha maziwa yapoe, akapima. Kioo kilielea palipotakiwa. Namba ya Waithira haikufungwa. Hata hivyo kamati haikumrudisha Ngendo, naye hakuomba.

"Wajumbe walinipigia mmoja mmoja kunishauri nikaombe msamaha," anasema. "Niliwauliza kosa ni lipi, wakasema ni kiburi. Sawa. Kiburi niko nacho. Lakini kiburi si jibu la swali langu."

Mama yake alikasirika kwanza. Kisha, akimenya viazi, akasema jambo ambalo Ngendo hakulitarajia: "Mwai angekusumbua sana ungekubali."

Sasa Ngendo ana safari. Kikundi cha wafugaji wa Endarasha kimesikia habari zake na kimemwita aeleze programu yake. Sharti lao ni moja: aeleze kwa Kikuyu, na aeleze taratibu. Anataka pia kufungua darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa Mweiga, ambapo vijana watafundishwa kuandika programu, na kabla ya kugusa kompyuta watabishana kwanza juu ya wanachodhani wanakijua. Ada bado hajaipanga.

Na Endarasha nao wakilikataa lile neno?

"Nitateremka mpaka Kangari," anasema, akifunga zipu ya mkoba. "Kule ni majani chai, lakini hata majani chai hupimwa na mtu mwenye uhakika."

Anasimama, anautupa mkoba begani.

"Hapa wamenitoa, lakini hakuna aliyenionyesha kwamba nimekosea. Siku mtu akinionyesha, ule mstari nitaufuta mwenyewe, mbele yake. Mpaka siku hiyo, utakaa."