Magesa Akicheza kwenye Video

Moshi wa jenereta ya petroli hunikaba koo hadi leo. Ukinijia puani tu, narudi kwenye kibanda cha video pale Nyakato, tumebanana kwenye mabenchi, na mama amenishika mkono mpaka vidole vinaniuma.

Enzi hizo sabuni ilikuwa anasa, tulifulia majani ya mpapai. Kaka yangu Magesa alidandia lori Bunda kwenda Kenya kutafuta maisha, na tangu hapo kimya. Ukoo ukachoka kungoja. Kwetu, aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa kwa mgomba: unakatwa, unavishwa nguo zake, unalazwa kaburini, watu wanalia, yanaisha. Baba alikwisha kuchagua mgomba, ule wa nyuma ya jiko, akaufunga kitambaa kuutia alama.

Ndipo mpaka na Kenya ukalegezwa, na kanda za video za muziki zikaanza kuvuka. Jirani akaja mbio: Magesa yumo kwenye kanda moja, anacheza nyuma ya mwimbaji! Mama alimsihi baba, karibu apige magoti, aende kwanza akaone.

Wimbo ulikuwa wa mapenzi. Mwimbaji ameegemea gari, msichana analia dirishani. Nilishangaa msichana yule alivyobadili gauni mara mbili bila kubanduka pale dirishani. Benchi letu zima lilimzomea: "Si ufungue mlango, dada! Unaliaga nini na mtu yuko nje?" Kiitikio kikaingia, na wachezaji, na Magesa katikati yao, shati jeupe, akigeuka na kutabasamu.

"Baba Magesa, ulionaga wapi maiti ikicheza?" mama alisema.

Kila kiitikio kiliporudi, Magesa naye alirudi. "Hachokagi, huyu mtoto!" baba akasema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Mimi nikaona kitu. Kila mara, nyuma ya Magesa alipita mwanamke yuleyule mwenye ndoo ya njano, na kila mara Magesa alijikwaa kidogo palepale. Ilikuwa picha moja, wanairudia. Nikamnong'oneza mama. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako hajaona."

Tulipofika nyumbani, baba alikifungua kile kitambaa mgombani.

Leo kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na najua kwamba mtu hurudia picha asipokuwa na nyingine. Ile ilisema tu kwamba siku moja kaka yangu alisimama mbele ya kamera akatabasamu. Lini, haikusema. Huenda tulikuwa tunamshangilia marehemu. Inaniuma sana, kwa sababu Magesa hakurudi.

Mgomba ule uliotakiwa kuvishwa nguo za Magesa ukazaa. Mama alimenya zile ndizi, akapika, akatupakulia sote, na baba akasifu utamu wake. Mama mwenyewe hakuonja hata moja. Miaka yote nilidhani alikuwa anatuachia sisi tushibe.