Mutoto si unga

Sisi watu wa Bihambwe tunajua maharagi, viazi na mihogo mitamu. Muhogo wetu unautoa shambani asubuhi, unaupika, na saa sita mutoto anakula bila shida. Njo maana tulipokimbia vita na kuingia mu pori ya Walikale, upande wa Omate kule wanachimba madini, hatukuelewa mihogo ya kule. Ile iko michungu. Wenyeji wanailoweka mutoni siku nyingi, mpaka inalainika kabisa, ndipo wanaianika na kuitwanga. Mama aliyetupokea kwake alinifundisha vizuri. Lakini mihogo ikikawia mutoni, watu wa bunduki wanaikuta na kuibeba. Basi sote, wenyeji na wakimbizi, tukawa tunailoweka usiku mumoja na kuitoa. Bugali ilikuwa na uchungu kidogo. Tulikula. Hakukuwa kingine.

Asubuhi moja mujukuu wangu alitaka kuamuka, akaanguka. Nilifikiri ni muchezo. Nikamugombeza: "Simama, wewe!" Akasimama, akatetemeka, magoti yakagongana, akaanguka tena. Hakuwa na homa. Hata kulia hakulia. Tangu siku ile anatembea na fimbo mbili, juu ya ncha za vidole, miguu inapishana kama mukasi. Mu kijiji kile hakuwa peke yake.

Mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake ni mutoto wangu wa kwanza. Wakati ule alikuwa amepata burse ya kulipiwa masomo Japani. Alilia matanga pamoja nasi, akaniwekea mutoto mikononi, akaenda. Mimi njo nilimuambia aende. Nilisoma miaka mitatu tu ya primeri. Masomo niliyaona kuwa kitu kikubwa sana. Kila akipiga simu nilimuuliza anasoma nini, naye alijibu lile lile: sumu ya muhogo. Anapima unga, anatafuta namna ya kutoa sumu haraka. Nilikuwa nacheka. Muhogo gani uko na sumu? Kwetu Bihambwe hakuna. Tulipokimbia, mu pori simu haikushika tena.

Baba yake alirudi mutoto akiwa na miaka kumi na mumoja, fimbo amekwisha kuzizoea. Alipita Goma na Sake, akapanda pikipiki mpaka barabara ilipokwisha, akamalizia kwa miguu, matope mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa imezaa matunda. Yeye na walimu wake walikuwa wamepata njia: unga unaulowanisha, unautandaza mwembamba juu ya mukeka, unangoja masaa machache, sumu inatoka na hewa. Alikuja kufundisha wamama wa pori.

Mutoto alikuwa amekaa mulangoni, nimemusuka, nimemupaka mafuta. Baba yake akapiga magoti mbele yake. Nikasema moyoni, sasa atamukumbatia. Akamugonga chini ya goti kwa upande wa kiganja. Muguu ukaruka. Akamugonga mwingine, nao ukaruka. Uso wake ukawaka.

"Mama, angalia! Ni vile vile tunavyosoma!"

Mutoto akashusha nguo yake juu ya magoti.

"Papa," akasema, "mimi si unga."

Jioni mutoto wangu aliniambia ukweli, bila kuzunguka. Njia yake inazuia, haiponyeshi. Miguu ya mutoto itabaki hivyo.

Kazi yake sitaisema vibaya. Wamama walifuata mafundisho, na hatukusikia tena mutoto ameamuka na kuanguka. Yule mama aliyetupokea, mwenye watoto wawili wanaokimbia mpaka leo, alikuja na kuku mikononi.

"Mama, wewe umezaa!" akasema. "Sisi tumeleta tu watu duniani."

Nilipokea kuku. Usingizi nikaukosa. Nilianza kupima moyoni, kama wauza maharagi wa soko ya Sake na mizani yao. Huku naweka watoto wa jirani na wote wa vijiji vingine nisiowajua. Huku naweka mutoto mumoja asiyejua baba yake anacheka namna gani. Nikisema alifanya vizuri, naona zile fimbo. Nikisema angebaki, naona watoto wa jirani wameanguka. Na angebaki, angefanya nini? Angekula bugali ile ile pamoja nasi.

Na mutoto wangu, kila asubuhi, alikuwa na mambo yake. Alikunja blanketi, akakalia, akaweka mikono mapajani na kuangalia ukuta wa mbao. Haombi, haimbi. Anapumua tu.

"Koko," mutoto akaniuliza kwa sauti kubwa ili baba asikie, "Papa anachunga ukuta usikimbie?"

Nilimuuliza mutoto wangu hiyo ni dini gani, maana sisi tumebatizwa. Akasema si kuacha Yesu. Wanaita zen. Kule Japani kuna muzee mumoja mwenye kunyoa kichwa aliyemufundisha kukaa hivyo, wakati mawazo ya nyumbani yalikuwa yanamumaliza. Nikamueleza kupima kwangu. Akasema muzee yule angeniambia niweke mizani chini: muntu anayepima hayuko upande huu wala upande ule. Ukiosha sahani, osha sahani.

"Huyo muzee alizaa?"

"Hapana, Mama."

"Njo maana sahani zake zinamutosha."

Alicheka. Mimi sikucheka. Lakini neno lile lilinifuata. Kila asubuhi mimi nakanda miguu ya mutoto na maji ya moto, isikazane zaidi. Nikikanda huku nawaza baba yake, kuku ya jirani, na nani alikosa, vidole vyangu vinamuumiza. Ananiambia: "Koko, umeenda wapi?" Nikirudi kwa muguu ulio mbele yangu, muguu tu, vidole vinajua kazi na mutoto ananyamaza. Basi muzee yule asiye na mutoto alikuwa na ukweli. Nusu.

Kesho yake nilimukuta mutoto wangu ameketi tena. Nikamuambia:

"Geuka."

"Mama?"

"Ukuta haukuulizi kitu. Geuka, ukae vile vile, uangalie mutoto wako."

Aligeuka. Mutoto alikuwa juu ya mukeka, anatoa mawe mu maharagi. Wakaangaliana. Niliona mabega ya mutoto wangu yanapanda, pumzi yake inakatika. Mbele ya ukuta hayakuwa yakimupata hayo. Mujukuu wangu hakumusaidia. Alimukazia macho kabisa, halafu akasema:

"Uko na pua kama yangu."

"Ni wewe uko na yangu," baba yake akajibu.

"Hapana. Mimi njo nilikuwa hapa nayo."

Baba yake akasogea, akaanza kutoa mawe pamoja naye. Hakuyajua maharagi tena, anaacha mawe na kutupa mbegu, na mutoto anamugombeza kwa sauti yangu kabisa. Mpaka sufuria ilipojaa.

Ndipo mutoto akauliza: "Utabaki?"

Baba yake alikuwa amekwisha kuitika kurudi laboratwari kule Japani. Kuna unga wa vijiji vingine haujapimwa. Alisema hivyo, polepole, bila kuangalia pembeni.

Mutoto akapangusa mikono.

"Basi nenda. Lakini usiniambie unarudi."

Nilimuona anafungua kinywa. Namujua, nilimuzaa, neno lilikuwa tayari pale, lile wanalosema wote wanaoondoka. Akafunga kinywa. Alimubeba mutoto mpaka njia ya pikipiki, akamuweka chini, akamupa fimbo zake, moja, nyingine, akapanda. Hakuahidi.

Tulirudi sisi wawili, polepole, maana kuna mupando wa kilima. Nilitaka kumushika mukono. Akakataa.