Reli ya Wabwire

Mtoto wa Khalayi alikuwa na miezi minne na hakuwa na jina. Pale plotini, kwenye vyumba vya kupanga mtaani Umoja, karibu na reli inayokwenda Dandora, majirani walimwita Babi, na mama yake wakamwita Mama Babi, kana kwamba wawili hao walikuwa bado wanangoja ruhusa ya kuanza kuishi.

Mwenye ruhusa alikuwa mama mkwe, Adhiambo. Alitaka mjukuu aitwe Owiti, jina la marehemu mumewe. Lakini kwa Wajaluo wa rika lake jina halibandikwi tu. Mtoto akilia huitwa kwa majina ya waliotangulia, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Adhiambo alikuwa akiita Owiti tangu Februari. Mtoto alikuwa akilia tangu Februari. Frankline, baba mtu, alisema, "Mtakavyokubaliana nyinyi," akaenda zake kiwandani.

Khalayi naye alikuwa na jina lake moyoni: Wabwire, la baba yake mzazi, aliyetembea miaka mingi juu ya reli akigonga vyuma kwa nyundo ya mpini mrefu, akisikiliza kilicholegea. Ila kumpa kifungua mimba jina la upande wa mke, katika nyumba ya wenyewe, hakuthubutu. Alimnong'oneza tu akimwogesha. Mtoto alinyamaza, lakini kwenye maji ya vuguvugu mtoto gani hanyamazi?

Asubuhi moja alikuwa anaanika nepi kando ya reli, mtoto mgongoni, akatokea msichana na simu mkononi. Aliitwa Sagal, mmoja wa wale wanaojitolea kuchora ramani ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza njia au kuifuta. Akanyoosha kidole kupita bega la Khalayi.

"Sasa, mama. Hii inaitwa aje?"

Kwa Kiswahili cha darasani kungekuwa na huyu na kungekuwa na hii, na mambo yangeishia hapo. Lakini Umoja mtoto ni hii, reli ni hii, chapati ni hii. Na tangu azae, hakuna aliyewahi kumuuliza Khalayi swali hilo. Mdomo ukamtangulia.

"Wabwire."

Sagal akaandika. "Inatoka wapi?"

"Asili ni Bungoma."

"Waah, mbali hivyo! Na ilianza lini?"

"Mwezi wa pili."

Sagal akadhani ni ukarabati wa reli. "Kelele je? Inasumbua majirani?"

"Usiku ndiyo balaa. Lakini wamezoea."

"Mbona saa hii iko kimya?"

"Imelala. Ikiamka utaisikia mpaka soko la Mutindwa."

"Asante sana, mama. Umenisaidia kuliko wote," Sagal akasema, akaenda.

Wiki mbili baadaye jina lilikuwa ramanini, na watu wa boda walikuwa wakiuliza abiria, "Nikushukishe Reli ya Wabwire?" Millicent wa saluni akaandika jina hilo mlangoni kwake, na mshale. Adhiambo akalisoma mara mbili.

"Huyu Wabwire ni nani, na alifanya nini mpaka apewe reli nzima?"

Khalayi akakaza leso, akainamia nepi.

Kisha Sagal akarudi, amekunja uso. Kuna mhariri mwenzao wa ramani, alisema, anaishi nchi ya mbali sana, amepinga. Kanuni ni kwamba jina la reli si jina la treni inayopita, wala la kampuni, wala la mji inakoelekea. Ni lile wenyeji wanaliita. Kama halipo, paachwe wazi, mtu asibuni.

"Kwa hivyo naomba kujua. Wabwire ni nani?"

"Alikuwa bosi wa reli enzi za wazungu," Millicent akasema bila kupepesa macho.

"Wacha uongo!" akadakia Dishon, fundi viatu. "Aligongwa na treni hapo. Treni ndiyo ikapelekwa gereji. Mimi ndiye nilimshonea viatu."

Adhiambo alisimama amefunga mikono kifuani. Mtoto alikuwa analia. Khalayi akaona kwamba akinyamaza, jina la baba yake litabaki kwa vyuma, na mwanawe abaki Babi mpaka aote ndevu.

"Ni huyu," akasema, akigeuza mgongo waone. "Nilidhani unaniuliza mtoto. Wabwire alikuwa baba yangu. Hizi reli alizigonga kwa nyundo, moja moja."

Sagal akatazama simu yake. "Kwa hivyo ile imelala..."

"Ni yeye."

"Na kelele usiku..."

"Ni yeye, dadangu."

Hakuna aliyecheka. Adhiambo akamtoa mtoto mgongoni. "Owiti," akamwita. Kilio. "Owino." Kilio. Akapanda juu mpaka kwa mababu ambao hata Frankline hakuwajua, na mtoto akapandisha sauti pamoja naye. Mwishowe akamgeukia mkwewe kwa hasira:

"Eti Wabwire?"

Mtoto akanyamaza. Ni kweli wakati huohuo treni ya mizigo ilipiga honi, na mpaka leo Dishon anashikilia ni honi. Lakini Adhiambo alimpangusa mtoto kamasi kwa ncha ya leso yake.

"Reli inaweza kukaa bila jina," akasema. "Mtoto hapana. Mshike Wabwire wako."

Khalayi alimpokea, akamfunga tena mgongoni.

"Sasa kwenye ramani nifute?" Sagal akauliza.

"Futa. Mtoto hawezi kugawana jina na chuma. Andika Owiti," Adhiambo akasema.

"Haiwezekani, mama. Lazima wenyeji wawe wanalitumia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, Adhiambo hubeba kikapu chake, husimama katikati ya ploti na kutangaza kwa sauti ya kufika Mutindwa:

"Mimi naenda Reli ya Owiti! Nani anataka nyanya kutoka Reli ya Owiti?"

Na Khalayi, mtoto mgongoni, huwa wa kwanza kuitikia.